Kwa Nini Yefta Hakuletewa Malaika

Kila mwinjilisti anayeanza kazi huulizwa Kaini alioa nani. Mimi niliulizwa Maramba, Jumapili yangu ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo. Juma lililopita vijana wawili waliotoka chuoni juzi wamenitumia swali hilo hilo kwenye simu, na mmoja ameweka alama tatu za kuuliza kana kwamba Kaini ameoa jana. Ndiyo maana nimekaa hapa Mabawa, mstaafu wa miezi minne, ninaandika. Nilivyopandishwa cheo sitaeleza, kwa kuwa sikupandishwa. Mshahara nao hauna haja ya maelezo, ninyi wenyewe mnaupokea. Nitaandika juu ya maswali, maana hayo ndiyo yaliyonifanyisha kazi.

Aliyeniuliza habari za Kaini alikuwa fundi baiskeli. Alisimama mlangoni mwa kanisa amekunja mikono, watu wengine wakasogea kusikiliza. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na jibu la moto, nikamwambia kwa sauti kwamba alioa dada yake.

"Kwa hiyo Mungu aliruhusu?"

"Wakati ule tu."

"Na watu walijuaje kwamba wakati umekwisha?"

Nikatangaza wimbo. Kumbukeni hilo, vijana wangu. Wimbo ni kifaa cha kazi kama vingine.

Mwinjilisti niliyemkuta pale alikuwa Mzee Barnaba, Mbondei mfupi mwenye kikohozi, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Mali ya kituo ilikuwa rimu ya trekta iliyotundikwa kwenye mti iwe kengele, ubao mmoja, na itifaki, kile kitabu kinene kinachokuonyesha kila neno liko wapi katika Biblia. Jioni ile alinisikiliza nikilalamika juu ya fundi, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Mwanangu," akasema, "anayeuliza mke wa Kaini hamtafuti mke wa Kaini. Mwambie hujui. Halafu muulize mke wake yeye hajambo."

Nikaona ni dharau kwa taaluma, lakini nilijaribu. Ikawa mke wa fundi alikuwa amerudi kwao Lushoto tangu miezi miwili, na wazee wa pande zote walikuwa wanasema ndoa ile haikuwa halali kwa sababu wawili wale walikuwa ndugu wa mbali. Tulizungumza kando ya moto mpaka magogo yakawa majivu. Kaini hatukumtaja tena. Mzee Barnaba aliniambia baadaye kwamba kuna swali la kichwa na kuna swali la tumbo. La kichwa linaweza kusubiri Jumapili, la tumbo likisubiri linaoza. Nilikariri maneno hayo, nikawafundisha wengine kwa miaka mingi, na siku nilipoyahitaji sikuyakumbuka.

Maswali ya kichwa nimeyapenda, sitaficha. Karani mmoja wa shamba la mkonge alinishikilia juma zima kwa ajili ya safina, kwamba pahala pamoja Nuhu anaambiwa achukue wanyama wawili wawili, na pengine saba saba, na kwa karani shehena isiyolingana na hati ni wizi. Mwingine aliniuliza ni nani hasa aliyemshawishi Daudi awahesabu watu, maana kitabu kimoja kinasema ni Mungu na kingine kinasema ni Shetani, na hao si watu wa kuchanganywa. Watoto wa shule ya Jumapili walipenda sana habari za Elisha, aliyetaniwa kipara chake na watoto, wakatoka dubu msituni wakawararua. Waliniomba niirudie kila mara huku wakinitazama kichwani. Niliwaambia huku kwetu dubu hakuna. Walionekana wamefurahi kupita kiasi.

Baada ya Maramba nilihamishiwa Kigombe, na huko ndiko nilikokaa hadi mwisho. Kanisa letu lilikuwa upande wa kambi ya mkonge, la watu walioteremka milimani wao au babu zao kuja kukata mkonge. Kijiji chenyewe ni cha Waislamu, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Maalim Shauri, mwalimu wa madrasa ambaye ndugu zake ni wavuvi. Yeye ndiye aliyeniletea swali ambalo chuoni hawalijui. Alisikia redioni kwamba Petro alikuwa mashuani bila nguo, akaambiwa Bwana yuko ufukweni, akavaa nguo ndipo akajitupa majini.

"Ami," akaniambia, "mimi sina ugomvi na nabii yeyote. Lakini mvuvi avae kanzu ndipo apige mbizi? Una uhakika huyo mtu alikuwa mvuvi?"

Swali lile ninalo bado. Atakayelipatia jibu aniletee.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini niandike, ambalo katika hotuba ya kuniaga halikutajwa, na aliyesoma hotuba alifanya vyema.

Miaka sita iliyopita baraza la wazee wetu liliona aibu. Watu walikuwa wameahidi mabati ya paa la kanisa kwa vigelegele, na baada ya vigelegele bati hata moja halikuonekana. Wazee wakaniambia nihubiri juu ya nadhiri, na nisibembeleze. Ningeweza kumchukua Hana, aliyemtoa mwanawe Samweli hekaluni. Nikaona Hana ni mpole mno kwa watu wa aina yetu. Nikamchukua Yefta.

Kwa aliyeruka sura hiyo, Yefta alikuwa jemadari. Alimwahidi Mungu kwamba akishinda vita, yeyote atakayetoka kwanza mlangoni mwake kumlaki atamtoa sadaka. Akashinda. Akatoka binti yake wa pekee, anacheza na matari. Binti akaomba miezi miwili akalie milimani na wenzake, kisha baba akatimiza neno lake. Mimi nilimsimamisha Yefta mbele ya watu kama kielelezo cha mwanamume asiyerudi nyuma. Nilipiga meza. Wanawake wawili walilia, nami nikashuka nimejiridhisha. Katika miaka yangu yote ya kuhubiri nimetiiwa kikamilifu mara moja tu, na ni mara hiyo. Mabati hayakuja.

Aliyenitii ni Baba Debora. Alikuwa akifanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchuna mkonge, mtu mkimya wa viti vya nyuma ambaye sikujua hata kama husikiliza. Majuma mawili baada ya mahubiri yale alipelekwa hospitali kupasuliwa ngiri. Kabla ya kisu, kwa hofu, alimwahidi Mungu kwa maneno yale yale niliyoyatamka mimi, kwamba akirudi salama, atakayetoka kwanza mlangoni kumlaki atakuwa wa Bwana. Alinieleza mwenyewe kwamba alikuwa anamfikiria mbuzi. Walikuwa na mbuzi jike mmoja msumbufu, kila mtu akifika ndiye wa kwanza kumvamia. Nafikiri hata Yefta alikuwa anafikiria mbuzi.

Lakini siku hiyo Debora, binti yake wa kidato cha tatu, alimwona baba anashuka kwenye bodaboda ameshika tumbo. Akatoka mbio. "Shikamoo, baba. Lete mkoba." Kwetu huku mtoto asiyempokea mzazi mzigo husemwa mtaa mzima, na Debora alikuwa amelelewa vizuri. Angekuwa mtovu wa adabu, angepona.

Jumamosi iliyofuata Baba Debora alikuja kwangu, anatembea pole pole kwa sababu ya mshono.

"Mwinjilisti, nimeweka nadhiri, na nadhiri imenikamata."

Akanieleza yote. Kumchinja mtoto hakukusudia, Mungu apishe mbali. Alikuwa ameuliza, akaambiwa milimani kuna nyumba ya masista inayopokea wasichana. Debora ataacha shule, atapelekwa huko akamtumikie Bwana hadi kufa. Kilichokosekana ni barua yangu yenye muhuri.

Barua hiyo naijua. Ina mistari michache, na mmojawapo lazima useme kwamba msichana anakwenda kwa hiari yake. Masista wale ni watu makini na hawampokei mtu bila mstari huo.

"Debora anasemaje?" nikamuuliza.

"Binti wa Yefta alikubali. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Nilichosema ni hiki: "Nitaiandika. Ngoja kwanza upone. Kidonda kinaendeleaje?"

Akarudi Jumamosi ya pili, na ya tatu, na ya nne. Kila mara aliketi kwenye kigoda changu cha barazani, akauliza barua imefikia wapi. Kila mara nilikuwa na sababu. Muhuri uko kwa mchungaji, wino umekauka, nina homa. Kisha namuuliza habari za kidonda, ananijibu, anaondoka. Niliona nafanya ujanja wa kumwokoa mtoto. Nikimkwepa baba mpaka achoke, nadhiri itajifia yenyewe, na mimi sitalazimika kupanda mimbarani kusema kwamba nilihubiri uongo kwa ajili ya mabati. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa wazee wa kanisa, na nilikuwa naogopa zaidi kuonekana mjinga.

Debora wakati huo hakuwa akienda shule. Baba yake alimtunza kama chombo cha madhabahu. Hakumtuma dukani, hakumruhusu kubeba maji, na sare yake ya shule ilikunjwa ikawekwa sandukuni. Aliruhusiwa kuja sehemu moja tu, darasa langu la kipaimara. Humo nilikuwa na desturi niliyomwiga Mzee Barnaba, kila mwanafunzi alete swali moja kwa juma. Debora akasimama.

"Mwinjilisti, Ibrahimu alipotaka kumchinja Isaka, malaika alimzuia. Kwa nini Yefta hakuletewa malaika?"

Nikatoa jibu la chuo. Nilisema Ibrahimu aliagizwa na Mungu, na Yefta alijitakia mwenyewe.

"Kwa hiyo aliyejitakia baba, anaadhibiwa mtoto?"

Nikasema njia za Mungu hazichunguziki. Ni jibu zuri kwa anayetaka kwenda nyumbani.

"Au ni kwa sababu Isaka alikuwa mvulana?" akasema. Hakuwa na hasira. "Na ile miezi miwili aliyokuwa milimani, hakuna hata jirani mmoja aliyekwenda kumwambia baba yake aache?"

"Biblia haisemi," nikajibu. Nikatangaza wimbo.

Nilirudi nyumbani sina hamu ya chakula. Maalim Shauri alikuwa nje anasuka ukili wa mkeka, nikamsimulia bila kutaja majina, ingawa Kigombe nzima ilikuwa inajua. Hakuinua hata kichwa.

"Nadhiri ya dhuluma kwetu haitimizwi aslan. Mtu anatoa kafara, analisha maskini, anaendelea na maisha yake. Kwenu vipi?"

Niliona haya. Nikaingia ndani, nikachukua itifaki, nikatafuta neno nadhiri, nikafuata kila mahali lilipo. Likanipeleka Mambo ya Walawi, sura ya ishirini na saba, sura ambayo sijapata kusikia mtu akiihubiri popote. Imo wazi kabisa. Mtu akimweka mtu nadhiri kwa Bwana, huyo hukombolewa kwa thamani iliyopangwa, na mwekaji akiwa maskini, kuhani atakadiria kwa uwezo wake. Yefta mwenye nadhiri yake angeweza kwenda kwa kuhani asubuhi na kurudi na binti yake jioni. Mtu aliyeweza kumsimulia adui historia ya miaka mia tatu bila kukosea hakuijua sura moja, na walioijua walikaa kimya.

Mngetarajia nilivaa viatu nikaenda kwa Baba Debora. Sikwenda. Ilikuwa Jumanne, nikajiambia atakuja Jumamosi. Jumamosi akaja, nikamuuliza habari za kidonda. Kwenye darasa la kipaimara ndipo nikajidai jasiri, nikawapa watoto sura ile waisome nyumbani na wasiniulize kwa nini. Kazi ya mwinjilisti nikamtwisha msichana wa miaka kumi na saba, kisha nikalala vizuri.

Jumapili ya juma lililofuata ilikuwa sikukuu ya mavuno. Mnaijua desturi yetu. Asiye na fedha huleta kitu, mahindi, muhogo, kuku, na baada ya ibada vitu vyote hupangwa nje na kunadiwa. Mnadi wetu alikuwa Mzee Hoza, mzee wa kanisa mwenye sauti ambayo angeuza hata kivuli. Alikuwa amemaliza bata wawili alipofika kwenye mstari wa mazao, akamkuta Debora amesimama katikati ya gunia la mahindi na mkungu wa ndizi, mikono kando.

"Debora, sogea, unaziba ndizi."

"Mimi nami ni sadaka, mzee. Baba amenitoa."

Watu wakacheka. Mzee Hoza hakucheka, kwa sababu alikuwa mmoja wa walioniagiza nihubiri.

"Toka hapo, binti. Kanisani kwetu hatuuzi watu."

"Na mnawapokea?"

Kicheko kikaisha. Mama Debora, aliyekuwa amekaa chini na akina mama wenzake, akajifunika uso kwa kanga. Baba Debora alikuwa amesimama nyuma kama kawaida yake, na nilidhani watu watamgeukia yeye. Wote waligeuka kunitazama mimi.

"Mwinjilisti ametupa sura tusome," Debora akaendelea. "Imeandikwa mtu wa nadhiri anakombolewa. Nimemsomea baba. Amesema kama ingekuwa kweli, Mwinjilisti angemwambia."

Wimbo haukunijia. Nilitembea hadi pale kwenye mahindi, na nawaambia ni mbali kuliko Maramba.

"Ni kweli," nikasema. "Yefta alifanya vibaya, na mimi nilimsifu. Nilitaka mabati. Sura ninaijua tangu karibu majuma mawili yaliyopita, nikanyamaza."

Mzee Hoza alikohoa. Baba Debora akaja mbele, watu wakimpisha.

"Kukomboa ni kiasi gani?"

"Kitabu kinataja shekeli."

"Shekeli kwa hapa ni nini?"

Likazuka jambo la kawaida la kwetu, kila mtu akawa mtaalamu. Mmoja alisema ni kama kondoo, mwingine akasema kaka yake aliwahi kuiona Dar. Nikawakumbusha kwamba kwa mtu wa uwezo mdogo, kuhani hukadiria. Mimi si kuhani, lakini siku ile hakukuwa na mwingine.

"Umekuja na nini leo?" nikamuuliza.

"Nazi sita."

"Zinatosha."

Akanitazama. "Nazi sita kwa Debora?"

"Baba," Debora akasema, machozi yanamtoka, "usipandishe bei."

Watu walicheka tena, safari hii kwa namna nyingine. Baba Debora alizitoa kapuni moja moja, akazipanga chini kwa uangalifu, kisha akamshika binti yake mkono akamwondoa kwenye mstari. Mama Debora aliwafuata. Mzee Hoza akazinadi zile nazi, na alizinunua yeye mwenyewe. Jumatatu Debora alivaa sare akarudi shuleni. Alikuwa amekosa majuma manane, na mtihani wa hisabati aliufanya kwa shida.

Hapo ndipo ningependa kumalizia, na miaka sita hii nimewasimulia watu wengi nikaishia hapo hapo. Wanacheka kwa habari ya nazi, nami ninaonekana mtu wa busara aliyetafuta sura. Lakini ninyi mnaanza kazi, mnastahili na kipande kilichobaki.

Watu walipotawanyika nilikuwa narudisha mabenchi ndani. Baba Debora alimwacha mkewe na binti wakatangulia, akarudi, akashika upande wa pili wa benchi. Mtu aliyepasuliwa ngiri hapaswi kubeba benchi, nikamwambia aache. Hakuacha. Tulibeba matatu. La nne tulipolitua, nikasema samahani kwa kumchelewesha, kwamba nilijua barua ile ilikuwa inamsumbua, akija kila Jumamosi anarudi mikono mitupu.

Alikaa kwenye benchi. Alionekana kama mtu aliyetoka korona zamu mbili mfululizo.

"Mwinjilisti, mimi nilikuwa naogopa kuivunja mwenyewe. Nilitaka mtu mmoja wa kanisa aniambie, usifanye. Nimekuja kwako Jumamosi nane. Kila nikikaa pale barazani nilisema leo atanikataza. Unaniuliza kidonda." Akafuta uso kwa kiganja. "Ulifikiri nafuata barua?"

Nilimwambia ndiyo. Ndivyo nilivyofikiri.